Ukungu na Jiwe la Mpaka

3 Machi
Daftari hili si langu. Nimepewa na mpimaji ardhi, mwanamke wa buti za mpira na sauti ndogo, ambaye tumeshampa jina la Bi Darubini kwa sababu ya ile mashine ya miguu mitatu anayoichungulia kutwa. Ametumwa kuchora upya mpaka: safu ya milima inaishia wapi, na vilima vya watu vinaanzia wapi. Juu ya mpaka ni msitu wa serikali, haruhusiwi mtu kujenga. Chini ya mpaka ni sisi.

Kazi yake itachukua msimu wote wa mvua, na kinachomsumbua ni ukungu. Ndiyo maana kaniomba kila asubuhi niandike umeshuka hadi wapi. Jumamosi atakuwa anapita kunakili.

"Kwa nini mimi?" nikamuuliza, ingawa jibu nilikuwa nalo.

"Wameniambia hakuna anayevijua vilima hivi kama Mjomba fundi baiskeli."

Hapo sikubisha. Hata ndege wa huku wakipotea hutua dukani kwangu kuuliza njia. Na mimi kuandika najua, nilifika darasa la sita, na la saba ningefika kama mwalimu asingeanza kuniogopa.

Ukungu: hadi paa la dada yangu.

4 Machi
Ukungu hadi kisimani. Breki mbili, kiraka kimoja.

6 Machi
Leo Bi Darubini kakaa dukani kwangu akisubiri kupambazuke vizuri, na ilikuwa saa nne. Kauliza, "Mjomba, kwa maoni yako vilima vinaanzia wapi?"

Nikamwambia vinaanzia hapa hapa alipokalia. Wanaoshuka huniletea raba za breki zilizoungua. Wanaopanda huniletea minyororo iliyokatika. Hatua mia chini ya duka langu, watu wana pancha tu, ugonjwa wa tambarare. Ardhi husemea kwenye baiskeli.

Kaandika! Mtu aliyesoma miaka kumi na saba kaandika maneno yangu.

Sukari Kidogo, huyu mwenye kibanda cha chai mkabala na mimi, kapaza sauti kutoka ng'ambo: "Usimsikilize! Vilima vinaanzia pale mteja anapoomba kikombe cha pili kabla hajamaliza cha kwanza!"

Tukapanda hadi kwa dada yangu, nyumba ya mwisho kabla ya mlima. Ni mkubwa wangu kwa miaka minane, mjane, mkavu kama kuni za jikoni. Naye kaulizwa. Alikuwa anaanua nguo.

"Vinaanzia pale nguo zinapokataa kukauka," kasema, akatupa kisogo.

Ukungu: ulikuwa umemfika kiunoni.

9 Machi
Asubuhi hii ukungu ulifunika chini ukaacha juu, jambo la nadra. Nikasimama mlangoni na pampu mkononi nikasahau nilichotaka kujaza. Hakukuwa na tambarare, hakukuwa na barabara. Kulikuwa na maziwa matupu, na ndani yake vilima vimelala mgongo kwa mgongo. Mlima ni mtu mkubwa aliyelala chali na kuvuta shuka, na vilima ndiyo magoti yake. Magoti hayo nimeyahesabu maisha yangu yote na kila mara napata idadi tofauti. Wengine watasema sijui kuhesabu. Mimi nasema anageuka.

Sauti za watu zilikuja bila watu. Mtoto alicheka, kikombe kikagonga kikombe, kisha kimya, kama nyumba zote zilikuwa zinaota.

12 Machi
Bi Darubini kanionyesha ramani ya zamani. Mende wameila palepale penye mpaka. Kilichobaki ni maneno matatu: mpaka ni jiwe. Jiwe lenyewe tunalo, limesimama juu ya nyumba ya dada, hatua sitini, refu hadi kiunoni, limechongwa alama ya msalaba kichwani.

Sasa kwa kuwa daftari liko mkononi, acha niandike habari ya jiwe hilo vizuri, maana nimeisimulia miaka ishirini na nane na hakuna aliyeiweka kwenye karatasi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na shingo kama gogo. Wakati huo jiwe la mpaka lilikuwa huku chini, kwenye kona ya njia, na dada yangu alikuwa ameolewa juzi hana pa kujenga, maana kila penye nafasi palikuwa juu ya jiwe. Nikasema, kama tatizo ni jiwe, basi. Nikapanda mchana kweupe, ukungu ukanifunika asinione mtu, nikalikumbatia, nikaling'oa kama jino. Nikalibeba hatua mia tatu kupanda, bila kupumzika, isipokuwa mara moja kujikuna. Nilipolitua, ardhi ikatikisika na chai ikamwagika kibandani. Mlima ukarudi nyuma hatua mia tatu. Dada akajenga.

Kuna watu wamehamisha ng'ombe, kuna watu wamehamisha wake. Mimi nimehamisha mlima.

Ukungu: hadi kwenye jiwe.

13 Machi
Ukungu kisimani. Mnyororo mmoja.

15 Machi
Jumamosi. Bi Darubini kachukua daftari kunakili ukungu. Kalirudisha, na macho yake yalinikalia muda mrefu. Nadhani ameshangazwa na mwandiko.

18 Machi
Siku ya heshima. Bi Darubini kaja kibandani na karatasi zake, kauliza wote waliokuwepo kama ni kweli nililihamisha jiwe.

"Kweli?" Sukari Kidogo akasimama na birika. "Nilimpa maji kwa mkono wangu huu. Vikombe saba. Alikuwa anatoa moshi masikioni."

Seremala aliyekuwa kwenye benchi naye: "Mimi nilisikia kishindo. Randa ilinitoka mkononi, ikanichuna hapa. Tazama kovu."

Kovu hilo alilipata juzijuzi akifungua kopo, lakini nani anaangalia. Watu sita wakaweka sahihi. Nami nikaulizwa, nikajibu, "Kama yalivyo kwenye daftari." Nikanywa chai ya bure hadi jioni.

Ukungu: sikuuangalia.

21 Machi
Mvua tangu asubuhi.

Bi Darubini kapeleka barua kwa dada, akanipa nakala yangu kwa kuwa mimi ndiye shahidi. Nimeisoma mara tatu. Inasema kwa mujibu wa ushahidi wa mdomo na wa maandishi, jiwe la mpaka lilihamishwa kutoka mahali pake. Mpaka wa haki uko hatua mia tatu chini. Kwa hiyo nyumba moja iliyoko kati imesimama ndani ya mlima, nayo ibomolewe kabla ya mwisho wa Aprili.

Nyumba moja. Vyumba viwili na jiko la nje, mabati aliyoyanunua mojamoja mume wake akiwa hai. Na nyuma ya barua wamebana karatasi iliyonakiliwa kutoka hapa. Mwandiko wa mashine, maneno yangu. Hata kujikuna wameandika.

Nilipanda mbio na kandambili miguuni. Nilitarajia kelele. Nilizitaka. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda, barua imekunjwa kwenye mapaja.

"Umeisoma?"

"Nimesomewa."

"Dada, mimi—"

"Utakunywa uji au utaondoka na njaa?"

Sasa niandike kweli, mvua inanyesha na hakuna anayenitazama. Jiwe lile sijawahi kulinyanyua. Sijawahi hata kulitikisa.

22 Machi
Kuanzia leo Bi Darubini nitampa ukungu kwenye kipande cha karatasi. Daftari linabaki kwangu.

24 Machi
Nilimfuata kwenye darubini yake, nikamwambia kwa kucheka, kama mtu anayetania, kwamba ile ya jiwe ni hadithi tu, mambo ya kibandani.

Hakucheka. "Mjomba, watu sita wamesaini. Nyumba ni ya dada yako. Leo unaniambia hukulihamisha. Ungekuwa mimi, ungeamini lipi?"

Nikavuka kwa Sukari Kidogo, nikamwomba afute sahihi yake. Aliweka birika chini taratibu.

"Kwa hiyo mimi ni muongo?"

"Hukunipa maji, na unajua."

"Vikombe saba! Miaka yote hii nawaambia wateja vikombe saba, leo uje univue nguo? Wewe kubali tu ulikuwa shujaa, uache watu tufanye biashara."

Watu wakacheka. Nikacheka nao, kwa mazoea.

27 Machi
Ukungu hadi mlangoni kwangu.

28 Machi
Ukungu hadi mlangoni kwangu.

29 Machi
Ukungu umeingia ndani. Nimefanya kazi nikipapasa. Baiskeli iliyoning'inia darini ilionekana kama inapanda angani polepole bila mtu.

5 Aprili
Nimeota mchana, nimelala kwenye mirundo ya matairi. Nilimwona yule mtu mkubwa ameamka. Alikaa kitako, shuka ikamtelemka, na vilima vyote vikawa magoti kweli, vimejaa michubuko. Akaniuliza kwa sauti ya Bi Darubini, "Nani amenisogeza?" Nikanyoosha kidole kwa dada. Nikaamka nimeuma ulimi.

9 Aprili
Dada ameshusha mapazia. Ameyafua, ameyakunja, ameyatia kwenye ndoo na mfuniko juu. Leo alikuwa anafunga vikombe kwenye magazeti. Nikakaa naye kumsaidia, kila kikombe nikikifunga yeye anakifungua na kukifunga upya.

Mbona hasemi? Niseme wazi kwa nini hili linanikosesha usingizi. Yeye anajua. Katika dunia nzima ni yeye peke yake anayejua, tangu siku ile ile. Neno lake moja tu mbele ya Bi Darubini na nyumba yake inabaki. Kila ninapopanda kule najiambia leo atasema, na kila ninaposhuka naona aibu kwamba nimefurahi hakusema.

Nilikuwa nikidhani hapendi hadithi zangu kwa kuwa ana roho ngumu. Leo namwangalia anafunga vikombe na sijui tena nani kati yetu ana roho ngumu.

10 Aprili
Ukungu kisimani. Sikufungua duka.

14 Aprili
Bi Darubini kaja kuziba tyubu. Nilikuwa nasugua kiraka, nikamuuliza bila kumtazama kama hakuna njia ya jiwe lenyewe kusema.

"Ipo." Akavuta kigoda. " Wapimaji wa zamani walikuwa wanazika mkaa chini ya jiwe kabla ya kulisimamisha. Mkaa hauozi. Jiwe likiwa mahali pake pa asili, mkaa uko chini yake. Likiwa limehamishwa, kuna udongo mtupu."

"Sasa si uchimbe!"

"Jiwe la mpaka halichimbuliwi hivihivi. Lazima yule aliyetoa ushahidi aje mbele ya walewale waliosaini, aseme alidanganya, aweke sahihi. Ndipo naruhusiwa kuchimba." Akaichukua tyubu yake. "Na Mjomba, si wote walizika. Wengine walikuwa wavivu. Unaweza kujivunjia jina na chini tukute udongo tu. Hapo hutakuwa na jina wala dada yako hatakuwa na nyumba."

15 Aprili
Sikutoka.

16 Aprili
Sikutoka.

17 Aprili
Ilikuwa hivi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, hiyo ni kweli. Shingo ilikuwa ya kawaida. Dada alikuwa ameshajenga tayari, na jiwe lilikuwa palepale lilipo leo. Nilitoka kwake saa sita mchana kwenda kukata fito. Ukungu ukashuka. Mtu ambaye hajafunikwa na ukungu wa vilimani hawezi kujua. Haupofushi kama giza. Unakupa mwanga mwingi sana usio na kitu ndani yake. Nilinyoosha mkono, mkono ukaisha kwenye kiwiko. Nikaita, sauti ikanirudia puani. Nikatembea, nikapanda, nikashuka, na kila nilipokanyaga palikuwa mteremko, hata nilipogeuka nyuma palikuwa mteremko, kama dunia yote imeinama kunimwaga.

Kisha nikagonga kitu kigumu. Jiwe. Nikalikumbatia, na sikuliachia. Nililia kwa sauti, mwanamume mzima, nikaliahidi jiwe lile mambo mengi. Viganja vilichubuka kwa kulishika. Sijui ni saa ngapi zilipita.

Mkono ukanishika kola. Alikuwa dada, kashika kamba ya kuanikia nguo, ncha nyingine kaifunga kwenye mlango wake. Akanivuta kwa kola kama mbuzi, hatua sitini, hadi jikoni. Sitini! Nilikuwa nimepotea hatua sitini kutoka kwenye chungu cha maharage.

Jioni nikashuka kibandani, matope hadi shingoni, viganja vinavuja damu. Sukari Kidogo, kijana mwenzangu wakati huo, akauliza, "Wewe, umetoka kupigana na nani?" Nikafungua mdomo niseme nilipotea. Yakatoka mengine.

19 Aprili
Nimefanya. Acha niandike kwa mpangilio, mkono una matope.

Jana nilimwomba Bi Darubini awaite waliosaini; walikuja wote sita, wakapanga mstari juu ya nyumba ya dada, mwavuli mmoja kwa watu watatu. Ukungu ulikuwa mwembamba kama mvuke wa sufuria, vilima vinatokea na kupotea. Bi Darubini akasoma maneno yangu ya jiwe kutoka kwenye karatasi, kwa ile sauti yake ndogo, na kwa mara ya kwanza nikayasikia. Akaniuliza.

"Nilidanganya," nikasema.

"Sema na lililotokea," akasema, kalamu tayari.

Nikasema. Fito, ukungu, kulia, kola. Kila kitu. Nilipofika kwenye hatua sitini seremala alitoa sauti kama bata. Kisha wote wakaangua, hadi mwavuli ukaanguka. Sukari Kidogo peke yake hakucheka.

"Anafanya hivi kwa ajili ya nyumba," akasema. "Mtazameni. Nani mwenye akili anaweza kujitungia aibu ya namna hii?"

"Saini hapa, Mjomba," akasema Bi Darubini.

Nikasaini. Vibarua wake wawili wakaanza na sululu, pembeni, wasilivunje. Maji yalikuwa yanajaa shimoni, wakawa wanayakomba kwa kopo. Udongo mwekundu. Udongo mwekundu. Udongo wa kijivu na mizizi. Wakalilaza jiwe ubavuni, na nilipoliona limelala hivyo nilijisikia vibaya, kama nimemvua mtu mzima nguo. Wakachimba tena hadi magotini. Mwekundu tu.

Bi Darubini akatazama saa yake. Nikashuka shimoni mwenyewe, na viatu, nikachimba kwa mikono. Sikumbuki nilisema nini. Seremala anadai nilikuwa naomba. Kucha zikagota kwenye kitu kinachomeguka, nikakitoa, nikakisugua kwenye shati langu jeupe.

Kikaandika mstari mweusi.

Bi Darubini akapiga goti kwenye matope, akatoa mkaa mwingine, na mwingine, tabaka zima, limetandazwa vizuri kama na mtu aliyekuwa anapenda kazi yake. Akakiweka kipande kimoja kwenye mfuko wa nailoni, akaandika namba. Kisha akaitoa ile barua ya kubomoa, akaipasua mara mbili.

"Jiwe halijawahi kusogea," akasema.

Hakuna aliyecheka. Sukari Kidogo akavua kofia yake, akaikung'uta maji, akaivaa tena. "Vikombe saba," akasema polepole, akaanza kuteremka peke yake.

Dada alikuwa mlangoni muda wote, mikono kwenye kanga. Nilipoingia akanipa beseni la maji ya moto. Nikatia mikono, maji yakawa meusi.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. "Mwezi mzima. Ungesema neno moja tu."

Alikuwa anafungua magazeti kwenye vikombe.

"Ningesema mimi, ungebaki na nini?" Akakitazama kikombe kwenye mwanga, akakipangusa. "Mimi nyumba ningejenga nyingine, hata kwa udongo. Wewe pale kibandani ungekalia nini? Nikasema ngoja. Akitaka atasema mwenyewe."

"Na nisingesema?"

"Ningehama."

Akakipanga kikombe rafuni. Nikashindwa kumtazama, nikatazama nje. Vilima vyote vilikuwa vimetoka, kimoja nyuma ya kingine, vya bluu, hadi macho yakachoka. Sikuvihesabu.

20 Aprili
Ukungu hakuna. Watoto wawili wamepita dukani wakikumbatia nguzo na kulia. Breki tatu.

22 Aprili
Ukungu hadi kisimani. Sukari Kidogo kaniletea chai bila kuitwa. Kakaa, kanywa na yeye. Kisha: "Hata kimoja sikukupa?"

"Hata kimoja."

"Mimi naliona kabisa lile jagi," akasema. Hakuwa anatania.

26 Aprili
Bi Darubini kamaliza. Kwenye ramani mpya mstari unapita juu ya paa la dada, halafu unajikunja kufuata mgongo wa kilima hadi macho yanapoishia. Mapazia yamerudi.

Leo jiwe limesimamishwa tena, na mkaa mpya chini yake juu ya ule wa zamani. Kabla ya kulisimamisha ilibidi lisogezwe pembeni shimo litengenezwe, kisha lirudishwe. Bi Darubini aliomba watu. Nilishika pembe ya chini, kibarua mmoja hapa, mwingine pale, seremala mbele akilalamika mgongo. Ukungu ulikuwa unashuka, ukatufunika katikati ya kazi, nikawa sioni uso wa mtu, nasikia pumzi tu. Tulilisogeza hatua mbili. Labda mbili na nusu.

Daftari analichukua kesho. Kaniuliza kama kuna ukurasa nataka kuchana kwanza. Nimemwambia hapana, ila nimalizie habari ya leo ikae sawa, asije mtu akaisikia kwingine.

Lile jiwe ni zito sana. Tulikuwa wanne.